Mama Jeli na Mshipa Usioonekana

Watoto ndio waliompa jina la Mama Jeli, naye akajifanya halipendi. Akilisikia koridoni alikunja uso, akashika kiuno na kuuliza kwa sauti ya kutafuta ugomvi, "Nani huyo ananiita kama chupa?" Kisha alimtafuta mwenye kosa, ambaye mara nyingi alikuwa mtoto wa miaka minne mwenye macho ya njano kama kiini cha yai, akambeba hadi chumba namba nne. Mgeni angedhani mtoto anakwenda kuchapwa.

Chumba namba nne kilikuwa na kitanda chembamba, pazia zito la kuzuia mwanga, mashine ya altrasaundi yenye gurudumu moja bovu, na chini ya sinki, birika la umeme ambalo utawala wa hospitali ulikuwa umelipiga marufuku mara tatu. Mama Jeli alilificha ndani ya boksi aliloliandika SUMU YA PANYA. Kazi ya birika hilo ilikuwa moja tu, kuchemsha maji ya kulowekea chupa ya jeli, ule uteute unaopakwa tumboni ili mashine ipate kuona ndani. Jeli ya baridi ikimgusa mtoto, mtoto hujikaza, hulia, huhema kama aliyekimbizwa na mbwa, na hapo hata uwe na mashine ya dhahabu huoni kitu. "Tumbo lililokasirika halisemi kweli," alipenda kusema. Neno hilo alilisema kwa uzito wa methali ya wahenga, ingawa alikuwa amelitunga mwenyewe wiki moja akiwa na mafua.

Hakuianza kazi hiyo ujanani. Aliingia hospitali kama mtunza mafaili, akahamishiwa chumba cha giza enzi zile picha za eksirei zikioshwa kwenye madawa na kuanikwa kama soksi, na alipofika miaka thelathini na mitano akaona haya yamtosha, akaenda chuo. Huko aliketi dawati moja na vijana waliomwita shangazi siku ya kwanza, na siku ya tatu wakamwomba daftari wanakili. Tangu hapo ilikuwa imepita miaka ishirini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliitumia kutazama maini ya watoto.

Watoto hao walitoka wodi ya ghorofa ya pili. Wengi wao walizaliwa na mirija ya nyongo iliyoziba, nyongo ikakosa njia, ikalitafuna ini polepole mpaka likakakamaa. Waliokuwa hatua ya mwisho walisubiri kupandikizwa, yaani mtu mzima akatwe kipande cha ini lake, mtoto apewe, na vipande vyote viwili vikue upya. Wakati wa kusubiri, kila baada ya wiki chache, Mama Jeli aliwapima. Alitazama ini lina ukubwa gani, wengu umevimba kiasi gani, tumboni mna maji au hamna, na zaidi ya yote, damu inapita vipi katika ule mshipa mkubwa unaotoka matumboni kwenda kwenye ini, ambao madaktari huuita mshipa wa lango. Lango likifungwa, hata ini jipya halina pa kulishwa.

Alikuwa mtu mwema, lakini tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Alikuwa na majivuno. Mashine ile ilitoa sauti ya damu ikipita, na Mama Jeli aliamini kwamba hakuna sikio katika hospitali nzima linaloisikia damu kama lake. Alisema anaweza kuijua damu iliyochoka na damu yenye haraka. Dada yake mkubwa, mpiga chapa mstaafu wa mahakama ambaye waliishi naye nyumba moja, alimsikiliza akisema hivyo kila jioni, kisha akamuuliza, "Sasa hilo sikio, mbona nikikuita uje kuosha vyombo linaziba?"

Siku moja akaletwa msichana wa miaka sita, mwembamba wa mikono, mnene wa tumbo na mwenye macho ya njano. Hakulia. Alisimama katikati ya chumba akazungusha macho kama mtu anayetaka kukipangisha.

"Hii nini?"

"Mashine."

"Inauma?"

"Inakula umeme tu, haili watu."

"Na lile boksi? Mna panya hapa?"

Mama Jeli akajua amekamatika. "Wewe umetumwa na utawala?"

"Nimetumwa na daktari," mtoto akajibu, na tayari alikuwa amepiga magoti chini ya sinki. "Humu mna birika."

Tangu saa hiyo akaitwa Mkaguzi. Baba yake, mwoka mikate aliyeiuzia hata kantini ya hospitali, mwenye mabega ya mlango na tumbo lililotangulia mbele kama mgeni wa heshima, akawa Baba Mkaguzi bila kuulizwa. Mama yake alikuwa nyumbani na mimba ya miezi mitano, hivyo hakufaa kukatwa chochote. Damu ya baba ilipatana na ya mtoto. Basi baba ndiye aliyekuja kupimwa ini.

Alipanda kitandani, kitanda kikalalamika.

"Mama," alisema akitazama dari, "wewe ni mtu wa kwanza kunitazama maini bila kunikata."

"Subiri, wakataji wako ghorofa ya tatu." Mama Jeli akapitisha kifaa ubavuni, akakunja midomo. "Ini lako linang'aa kama mwezi."

"Hiyo ni nzuri?"

"Kwa mwezi, ndiyo. Kwa ini ni mafuta. Baba Mkaguzi, mikate unaiuza au unaila?"

"Siwezi kuuza kitu nisichokionja."

"Unaonja mingapi?"

Mwoka mikate akafikiri kwa uaminifu. "Inategemea na tanuri."

Hakukuwa na mzaha katika majibu ya daktari mpasuaji, mtu mrefu aliyezungumza kana kwamba kila neno linamtoka na jino. Ini lenye mafuta vile haligawiwi. Miezi mitatu, kilo kumi na mbili, kisha wapime tena. Mwoka mikate alitoka pale ameinama. Wengine huambiwa watoe ini kwa ajili ya mtoto, wakajitolea palepale. Yeye aliambiwa kwanza aache keki, na keki ndiyo iliyokuwa ngumu.

Lakini alikuwa na askari nyumbani. Kila alipotoka kazini, Mkaguzi alimwita, akamwinamisha, akamnusa ndevu. Harufu ya unga iliruhusiwa. Harufu ya sukari ilizua kesi. "Baba, hii ni krimu," alimwambia siku moja mbele ya majirani, "na ini ni langu." Jitu lile likaenda kunawa uso likiwa limenywea. Likaanza kwenda kazini kwa miguu, kilomita tano, likala mboga kwa uso wa mtu anayesomewa hukumu. Kila mwezi lilirudi chumba namba nne, na kila mwezi ule mwezi wa ubavuni ulififia.

"Unapendeza," Mama Jeli alimwambia mara ya pili. "Ini lako sasa ni la mtu wa miaka arobaini. Mwanzo lilikuwa la mtu wa karamu."

Kama mambo yangekwenda hivyo mpaka mwisho, ingekuwa hadithi ya mwoka mikate tu. Wiki ya kumi mambo yakaingia nyongo. Tumbo la Mkaguzi likajaa maji, mtoto akaacha kula, akajikuna usiku kucha, akalazwa. Maswali yalipungua, na hilo ndilo lililowatisha watu zaidi ya vipimo. Ini la baba lilikwisha kusafika vya kutosha, basi madaktari wakaamua upasuaji usichelewe, ila kabla ya hapo apigwe picha za CT, ile mashine yenye duara kubwa ambamo mgonjwa huingizwa, ili mpasuaji aione ramani ya mishipa yote kabla hajashika kisu.

Siku ya picha hizo dawa ya kumtuliza haikumkolea. Alizinduka ndani ya lile duara kubwa, akapiga kelele, akajipinda. Picha zikatoka zimetikisika. Aliyezisoma alikuwa daktari bingwa wa picha, mwanamke makini mwenye koti lililopigwa pasi mpaka likawa na makali, ambaye idara nzima ilimwita Daktari Ripoti kwa sababu hakuamini jambo mpaka liandikwe. Akaandika kwamba mshipa wa lango hauonekani, na yumkini umeziba wote.

Maana yake haikuwa ndogo. Kikao cha upasuaji kilikuwa Alhamisi. Ikiwa mshipa umeziba, timu isingethubutu kumpasua pale. Wangeahirisha, wangemwandikia hospitali nyingine mbali, aanze foleni upya, na kila mtu aliyemwona Mkaguzi wiki ile alijua hana nguvu ya foleni.

Mama Jeli alizisikia habari Jumanne, akapanda ngazi bila kuvua glovu.

"Daktari, mshipa wa mtoto yule uko wazi. Niliusikia mwenyewe."

Daktari Ripoti aligeuza kiti. "Uliusikia lini, Mama?"

"Wiki mbili zilizopita. Damu ilikuwa polepole, lakini ilikuwa inapita."

"Wiki mbili," Daktari Ripoti alirudia, bila ubaya. "Damu inaweza kuganda kwa siku moja. Wewe unalijua hilo kuliko mimi."

Mama Jeli alikuwa amepanda na hotuba nzima, na hotuba ikamkauka mdomoni, kwa sababu neno lile lilikuwa kweli. Aliomba jambo moja: apime upya kesho asubuhi, mtoto akiwa hajala, na Daktari awepo.

"Nitakuwepo," alisema Daktari Ripoti. "Na nitaandika nitakachokiona. Si utakachokisikia."

Jioni ile hakula. Dada yake alisubiri zile hadithi za sikio, hazikuja. Akamsogezea sahani mara mbili. Mwishowe akauliza, "Wewe unamwogopea mtoto, au unaogopa kuonekana umekosea?"

"Dada, acha."

"Naacha. Nilitaka kujua tu."

Mama Jeli alikaa akizungusha kijiko. Jibu lilikuwa yote mawili, na hakuweza kusema ni lipi lililokuwa kubwa zaidi, na hilo lilimkata maini.

Jumatano asubuhi birika lilitoka mafichoni mapema. Mkaguzi aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, baba yake akikisukuma, amepungua mpaka shati linampwaya. Mtoto alipoona kitanda akashika mikono ya kiti kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

"Sitaki. Jana walisema haiumi, wakanifungia ndani ya bomba."

"Hapa hamna bomba."

"Sitaki!" Akamtazama Daktari Ripoti, aliyesimama ukutani na kalamu yake. "Aanze yeye."

Mama Jeli alifungua mdomo amkemee mtoto, lakini Daktari Ripoti alikwisha kuweka kalamu mfukoni. Alivua lile koti lenye makali, akalikunja vizuri, akalala kwenye kitanda chembamba akafunua tumbo. Mkaguzi akasimamishwa juu ya kigoda. Mama Jeli akamshika mkono, wakapaka jeli, wakakisukuma kifaa pamoja.

"Ana nini?" mtoto aliuliza, macho kwenye kioo cha mashine.

"Chai na mkate."

"Mkate wa baba?"

"Ndio wa kwenye kantini," alisema Daktari Ripoti kutoka kitandani, "kwa hiyo nadhani ni wa baba."

Mkaguzi akageuka kumtazama baba yake kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akiwa na sura ya mtu mwenye mali. Kisha akapanda kitandani mwenyewe.

Pazia likafungwa. Jeli ilikuwa ya vuguvugu. Mama Jeli akashusha kipimo cha kasi cha mashine mpaka chini kabisa, ili inase hata damu inayojikokota, akaanza kutafuta. Hakuona kitu. Maji ya tumboni yalikuwa meusi kwenye kioo, ini lilikuwa dogo na lenye mabonde. Dakika tano. Akamlaza mtoto ubavu wa kushoto. Dakika kumi. Kwapa lilimtoka jasho, na lile sikio lake maarufu halikusikia ila pumzi yake mwenyewe.

"Mkaguzi, vuta pumzi kama unapuliza puto. Ishike."

Mtoto akaishika, mashavu yamevimba. Mama Jeli akapenyeza kifaa katikati ya mbavu mbili, akakiinua kidogo. Uzi mwembamba wa rangi nyekundu ukapita kwenye kioo, ukapotea.

"Tena, Mkaguzi. Mara moja tena."

Safari hii ulibaki. Na sauti ikaja, ndogo sana, kama mtu anayefagia uwanja nyumba mbili mbele. Mama Jeli alikaza macho kwenye kioo. Alikuwa na hakika kwamba akisema atalia, na alikuwa na hadhi ya kulinda.

"Damu inakwenda upande gani?" aliuliza Daktari Ripoti, ambaye sasa alikuwa amemwinamia begani.

"Kwenye ini."

"Pima upana."

Akapima mara tatu. Milimita tatu.

Daktari Ripoti akaomba kifaa, akautafuta mshipa mwenyewe, akaupata. "Uko wazi," alisema. "Niliandika kosa." Kisha, kwa sauti ileile, "Lakini wewe wiki mbili zilizopita uliandika milimita tano. Mpasuaji angejiandaa kwa tano, na angekuta tatu."

Mama Jeli alikumbuka vizuri ile siku. Jioni ilikuwa imeingia, na alipima mara moja tu kwa sababu sikio lilikwisha kumwambia mambo ni shwari. "Basi tumekosea wote wawili," akasema.

"Wote wawili," alikubali Daktari Ripoti. "Tuandike upya."

"Mimi je?" sauti ikauliza kutoka kitandani. "Nimekosea?"

"Wewe umepuliza puto vizuri kuliko wote."

Alhamisi mpasuaji alisoma karatasi ile, iliyotiwa sahihi mbili, akatamka maneno mengi kuliko aliyowahi kutamka kikaoni, kama kumi na tano. Upasuaji utafanyika. Mshipa ukiwa mwembamba vile, atachukua kipande cha mshipa kutoka kwa baba akitie kama kiraka, njia ipanuke. Baba alipoelezwa aliuliza kama kuna kitu kingine wanachotaka, wakichukue kabisa wakiwa humo ndani.

Walifanyiwa upasuaji Jumatatu, katika vyumba viwili vinavyotazamana, kwa muda wa saa kumi na moja. Alasiri Mama Jeli akaitwa juu. Walimvika nguo za kijani zilizomfanya aonekane kama hema lililoangushwa na upepo, wakamsimamisha kando ya meza. Ini jipya lilikuwa pale, kipande cha mwoka mikate, wekundu wake mzuri bila chembe ya mafuta. Mishipa ilikuwa imeshonwa. Mpasuaji alisogea.

"Sikiliza."

Mama Jeli akaweka kifaa, kilichofunikwa plastiki safi, juu ya ini. Safari hii haikuwa ile sauti ya kufagia. Ilikuwa sauti nene yenye kujitosheleza, kama bomba la mtaani baada ya mgao wa maji. Chumba kizima kilisikia. Hata hivyo Mama Jeli alipima mara tatu, akaandika, akapima ya nne, na daktari wa usingizi akaangalia saa.

"Vipi?" akauliza mpasuaji.

"Inapita, Daktari. Imejaa."

"Hakika?"

"Hakika." Barakoa ilimficha uso, lakini haikuficha pua iliyokuwa ikivuta makamasi.

Mwoka mikate alizinduka kwanza. Neno lake la kwanza lilikuwa kumuulizia mtoto, la pili lilihusu keki, na muuguzi aliyekuwa zamu alisema yalifuatana karibu mno. Mkaguzi alichukua siku zaidi. Siku ya tatu joto lilipanda, damu ikapungua kasi, na watu walikwenda na kurudi wakinong'ona. Mama Jeli aliisukuma mashine yake yenye gurudumu bovu mpaka chumba cha uangalizi asubuhi na jioni. Siku ya tano joto likashuka. Siku ya tisa mtoto aliomba kioo. Akajitazama, akakunja uso.

"Macho yangu yameharibika," akasema. "Yamepauka."

Hakuna aliyewahi kumwona na macho meupe, yeye mwenyewe akiwemo. Mama yake, mimba ikiwa imemfika kifuani, aligeukia dirishani akajifanya anafunga pazia. Ilibidi Mama Jeli aeleze kwamba macho mazima huwa meupe, na alieleza vibaya, na kicheko cha baba kilimuumiza mshono akaambiwa na wauguzi arudi kitandani.

Si wote waliosubiri mwaka ule walifika huko. Walikuwa watano. Mmoja, mvulana mpole aliyependa kushika chupa ya jeli mikono miwili, hakupata mtu wa kumtolea kwa wakati. Mama Jeli alichukua likizo ya siku mbili, akakaa nyumbani bila kufungua redio, na dada yake akapika, akaosha vyombo mwenyewe, wala hakutia neno.

Aliporudi kazini alikuta Daktari Ripoti anamsubiri mlangoni pa chumba namba nne. Palikuwa na mtoto mchanga ambaye mshipa wake haukuonekana kwenye picha, na Daktari hakutaka kutia sahihi kabla hawajautafuta pamoja. Mama Jeli akaingia, akavuta pazia, akachuchumaa chini ya sinki.

"Hilo boksi ni la nini?" Daktari Ripoti aliuliza.

"Umesoma, limeandikwa."

Daktari alisoma. "Basi harakisha," akasema, "sumu ya panya inachukua muda kuchemka," na akaanza kumvua mtoto soksi.